Vumbi Kidogo Tu

Katika kiwanda kile cha mikate palikuwa na sheria moja ambayo haikubandikwa ukutani, lakini kila mtu aliijua kuliko zile zilizobandikwa. Aliitunga mwenye kiwanda mwenyewe, mjane mmoja mwenye mikono mifupi na hatua za haraka, ambaye wafanyakazi walimwita Mama Tanuri. Wengine walisema jina hilo alilipata kwa sababu kila asubuhi alianza kazi kwa kupita mbele ya tanuri na kulisalimia kama mtu. Wengine walisema, tena kwa sauti ya chini, kwamba ni kwa sababu ukimsogelea vibaya unaungua. Sheria yenyewe ilikuwa hii: "Nileteeni makubwa. Madogo malizeni wenyewe."

Ukiisikia haraka utasema ni sheria ya busara, maana mtu mmoja hawezi kufa na kila jambo dogo. Lakini Mama Tanuri alisahau kitu ambacho hata mtoto aliyelelewa vizuri anakijua. Nani atabisha hodi kwa mkubwa wake, asimame mlangoni mikono nyuma, kisha aseme, "Nimekuletea jambo kubwa"? Mwenye adabu husema, "Samahani Mama, kuna jambo dogo." Husema, "Kuna tatizo kidogo." Dereva aliyelitumbukiza gari la mikate mtaroni, magurudumu yakabaki yanatazama mawingu, alikuja akasema, "Mama, gari limelala kidogo." Mashine ya kukandia ilipoungua mpaka mtaa mzima ukanuka, mwendeshaji wake alisema, "Inatoa kijimoshi." Basi makubwa yote ya kiwanda yalivishwa nguo za madogo kabla ya kuvuka uwanja kwenda ofisini, na yakifika huko yanajibiwa, "Sasa hilo nalo si mmalize wenyewe?"

Mtu mmoja tu pale hakujua kusema kidogo. Huyo alikuwa mkuu wa chumba cha kufungia mikate, mwanamke wa mwili na wa sauti, dada wa marehemu mume wa Mama Tanuri. Wote walimwita Bi Makubwa, kwa kuwa hakuna sentensi aliyoianza bila neno hilo. Sabuni ikiisha: "Makubwa! Sasa tunawe kwa mate?" Chai ikipoa: "Makubwa haya, tunanyweshwa maji ya kuoshea vikombe!" Siku kidole chake kilipochubuliwa na ukingo wa trei, alilia mpaka majirani wakaja kuuliza nani amefariki. Wafungaji wenzake walimpenda, lakini walishamzoea kama watu wanavyozoea redio ya jirani. Akisema "Makubwa!", wao humalizia kwa pamoja, "Madogo yana nafuu!" na kazi inaendelea.

Yeye na Mama Tanuri hawakusemeshana. Ilianzia msibani, pale Bi Makubwa alipowaambia waombolezaji kwamba kaka yake amekiacha kiwanda mikononi mwa mwanafunzi. Mjane alikuwa chumba cha pili, na ukuta ulikuwa mwembamba. Mawifi ni mawifi, wangeweza kutupiana vijembe wakacheka yakaisha, lakini neno la msibani lina mwiba wake. Tangu hapo salamu na maagizo baina yao yalipitia kwa msimamizi, mwanamume mpole aliyeitwa Bwana Taratibu, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuchukua maneno ya moto upande mmoja wa uwanja na kuyapoza kabla hayajafika upande wa pili.

Asubuhi hiyo Mama Tanuri hakuwa na nafasi ya maneno, ya moto wala ya baridi. Kiwanda kilikuwa kimepewa kazi ya kupeleka mikate shule zote za mji, na shehena ya kwanza ilikuwa inatoka leo. Lori lilikwishasimama uwanjani, limefunguliwa nyuma, dereva anachokonoa meno. Kwa ajili ya kazi hiyo Mama Tanuri alikuwa amenunua unga mwingi kuliko ambavyo kiwanda kiliwahi kuuona, na kwa kuwa ghala la chini lilikuwa na unyevu na panya, aliyapandisha magunia juu, kwenye ghorofa ya mbao iliyo juu ya chumba cha kufungia. Enzi za marehemu, huko juu palikaa trei tupu na maboksi tu. Yeye aliona ni uzembe kuacha nafasi nzuri hivyo ilale bure. Tena alijipongeza.

Bwana Taratibu alibisha hodi akiwa amevua kofia.

"Samahani Mama. Kule kufungia kuna vumbi kidogo."

"Kiwanda cha unga kina vumbi," alisema Mama Tanuri bila kuinua macho. "Ungeniambia hakuna, ningeshtuka."

"Ndiyo Mama. Linadondoka juu, kwenye dari. Kidogo tu. Na mlango wao unakwama kidogo."

"Nani amesema?"

Bwana Taratibu aliitazama kofia yake. Alijua kwamba swali hilo likijibiwa, habari yenyewe imekufa. "Ni... wao wenyewe tu kwa ujumla, Mama."

"Ni wifi yangu."

"Ni yeye."

"Kasemaje? Nataka kama alivyosema."

Maneno kamili ya Bi Makubwa yalikuwa: Makubwa! Mwambie huyo mwanafunzi wa kaka yangu kwamba nyumba inatushukia vichwani, kaka yangu hakuwahi kupandisha hata gunia moja juu kule, au anataka atuoke sisi badala ya mikate? Bwana Taratibu aliyapitisha maneno hayo kwenye chujio lake la kila siku.

"Amesema ukipata nafasi, upatazame kidogo."

Mama Tanuri akacheka kwa pua. Alimjua wifi yake. Leo vumbi, kesho feni, keshokutwa kaka yangu hivi, kaka yangu vile. Na leo ya leo, siku ambayo mji mzima ungekula mkate wake, ndiyo wifi ameona inafaa kuleta habari za dari! Alimwagiza seremala akaupige randa ule mlango, na msimamizi akafagie vumbi. Kisha akarudi kwenye simu.

Lakini moyo wa mtu ni mbea, hukusimulia usiyoyataka. Kila alipoweka simu chini alijikuta anatazama ng'ambo ya uwanja, kwenye dirisha la chumba cha kufungia, lile pana ila fupi kwa kimo, lisilo na kioo, ambalo mikate ilitolewa kwa trei kwenda kwenye lori. Mikono ya wanawake ilikuwa inaonekana, inasukuma trei, inarudi. Kila kitu sawa. Mbona basi hatulii? Akajiambia ni njaa. Akaagiza chai, ikaja, hakuinywa.

Seremala alirudi ana maranda kwenye nywele.

"Mama, ule mlango mimi nimeushindwa. Wiki iliyopita niliupiga randa, juzi nikaupiga tena, na leo tena. Nikiendelea utabaki ubao wa kukatia nyanya."

"Mbao za siku hizi mbovu. Zinavimba kwa mvua."

"Ndiyo, Mama," alisema seremala kwa heshima. "Mvua." Akaondoka.

Ni baada ya seremala kuufunga mlango wa ofisi ndipo Mama Tanuri alipokumbuka kwamba mvua haijanyesha siku nyingi. Nje vumbi la uwanja lilikuwa jekundu na kavu, na dereva wa lori alikuwa amefunga leso puani. Seremala alijua hilo. Alijua, na alikubali mvua kwa sababu bosi amesema mvua. Mama Tanuri akajiuliza ni mvua ngapi nyingine amewahi kuzinyesha yeye mwenyewe kwa mdomo wake, watu wakaitikia ndiyo Mama.

Akasimama, akakaa.

Msimamizi alibisha tena. Safari hii alikuwa na mfuko wa mkate mkononi, umefungwa fundo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetumwa kumtukana mama yake.

"Samahani sana Mama. Bi... yule wa kufungia. Amekuletea hili vumbi. Amesema..."

"Sema."

"Amesema uonje."

"Nionje?"

"Kidogo tu, Mama."

Mama Tanuri aliutupa ule mfuko kwenye kona ya meza na kumwambia Bwana Taratibu kwamba mwenye jeuri hiyo atakiona cha moto lori likishaondoka. Uonje! Mbele ya wafungaji wote bila shaka, mkono kiunoni. Akatembea kutoka dirishani hadi kabatini na kurudi. Hasira ilimsaidia kwa muda, maana hasira ni nyepesi kubeba kuliko woga.

Ilipopungua, mfuko ulikuwa bado pale. Aliufungua kwa kidole kimoja. Vumbi lilikuwa jeupe, laini kwa macho, halina tofauti na lililojaa kwenye kila nyusi na kila ufa wa kiwanda kile. Mtu gani katika kiwanda cha mikate ataona kitu cheupe sakafuni akafikiri ni kitu kingine? Kila aliyefagia chumba kile wiki nzima alikuwa amelifagia akijua ni unga, unachujika kwenye mbao za juu. Hata yeye angeapa.

Alilowesha ncha ya kidole kwenye chai iliyopoa, akachovya, akaweka kwenye meno ya mbele.

Somo la kwanza alilofundishwa na mumewe, wakiwa bado wachumba, halikuwa la mashine wala hesabu. Mumewe alimwekea unga ulimini akamwambia auume. "Unga mzuri hauna meno," alisema. "Ukikuuma na wewe, una kitu." Alimcheka siku ile. Sasa kitu kilikuwa kinasagika katikati ya meno yake, krrr, kama kokoto. Akachukua zaidi, akakidondoshea chai kiganjani, akasugua kwa dole gumba kama anavyofanya mwoka mikate yeyote. Unga ungeshikana. Hiki kiligeuka matope ya kijivu.

Ilikuwa chokaa na lipu. Dari ya chumba cha kufungia ilikuwa inasagika.

Hapa ingefaa kusema kwamba alikimbia. Hakukimbia. Alisimama na matope yake kiganjani akitazama lori, na kichwa chake kikaanza kufanya biashara. Trei zilizobaki si nyingi. Lori likishajaa, atawatoa wote, kimya kimya, aseme ni mapumziko. Akiwatoa sasa, shule hazitapata mkate, mji utasema mjane ameshindwa, na wifi atatembea uwanjani kifua mbele mpaka kiama. Dari iliyokaa wiki nzima inashindwaje kukaa kitambo kidogo?

Kidogo. Alilisikia neno hilo kichwani mwake kwa sauti yake mwenyewe, na likamtisha kuliko vumbi.

Wakati huohuo akagundua kitu kingine. Wafungaji walikuwa na tabia ya kuimba. Asubuhi yote waliimba, naye alikuwa hawasikii kama mtu asivyosikia saa ya ukutani. Sasa hakukuwa na wimbo. Aliangalia dirisha lile pana na akaona mikono yote inatokea upande mmoja tu, wa kulia. Upande wa kushoto hapakuwa na mtu. Bi Makubwa alikuwa amewahamisha watu wake, bila ruhusa ya yeyote, wakajibana kwenye nusu ya meza.

Ndipo Mama Tanuri akatoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni.

"Tokeni!" alipaza sauti akiwa katikati ya uwanja. "Tokeni wote humo! Acheni trei! Tokeni!"

Dereva alitema kijiti chake. Ndani wanawake walisimama wanatazamana, kwa maana hawakuwahi kumwona Mama Tanuri akikimbia, tena pekupeku mguu mmoja. Mmoja alicheka. Kisha kutoka juu ukasikika mlio, si mkubwa, kama mtu aliyevunja kijiti gotini, na hakuna aliyecheka tena. Wote wakaenda mlangoni.

Mlango haukufunguka.

Mama Tanuri aliuzungukia kwa nje. Alishika kitasa akavuta, akaweka mguu ukutani akavuta, na kwa ndani alisikia mabega yanagonga ubao na sauti za watu aliowajua kwa majina na kwa watoto wao. Mlango haukutikisika. Alitazama juu akaona kwa nini: fremu ya juu ilikuwa imebinuka katikati, imeukalia mlango. Unakwama kidogo, walisema. Alikuwa amelipia randa mara tatu kwa ugonjwa wa nyumba.

"Seremala!" alilia. "Shoka! Lete shoka!"

Kutoka ndani, juu ya kelele zote, ikaja sauti ambayo haikumsemesha tangu msibani.

"Wifi! Achana na mlango! Nenda dirishani uwapokee!"

Akatii. Alikimbilia dirishani, na hapo wakaanza kutoka, mmoja baada ya mwingine, kwenye njia ya mikate. Bi Makubwa alikuwa ndani anawanyanyua kiunoni na kuwasukuma, na Mama Tanuri na dereva nje wanawapokea kwa makwapa. Sketi zilichanika. Mmoja alitoka amekumbatia trei, hakuna aliyejua kwa nini, wala yeye mwenyewe. Vumbi jeupe sasa lilikuwa linamwagika wazi nyuma yao, na Mama Tanuri alilihesabia kila pumzi akisema moyoni, bado, bado, tafadhali bado.

Wakaisha. Amebaki mmoja. Bi Makubwa alilitazama dirisha, akautazama mwili wake.

"Mimi hapa sipiti, wifi."

"Utapita! Geuka upande!"

"Upande ndio mbaya zaidi." Alikuwa anahema, na nywele zake zilikuwa nyeupe tupu. "Mwili huu wote ni mikate yako. Mbovu mbovu ndiyo tunakula sisi."

Nyuma shoka la seremala lilianza kugonga mlango. Bi Makubwa alikimbilia huko. Mama Tanuri aliona mgongo wake mpana unaingia kwenye vumbi, akaona ubao wa mlango unapasuka na mwanga unaingia, kisha ghorofa nzima ikashuka na magunia yake yote. Uwanja ukatetemeka. Dirishani likatoka wingu la unga, unga wa kweli sasa, likamfunika uso na mdomo, laini, halina meno kabisa.

Wanawake walioketi chini uwanjani hawakulia, walikuwa wanahesabiana kwa macho. Mama Tanuri alisimama mikono imenyooka kuelekea dirishani kama bado anampokea mtu. Aliita, "Wifi." Akaita tena. Alijua kwamba asipojibiwa, atakuwa anaita hivyo maisha yake yote.

Kutoka chini ya magunia, karibu na palipokuwa mlango, sauti nene ikasema:

"Makubwa!"

Walimfukua kwa mikono. Ule mlango mwembamba, uliopigwa randa hadi ukabaki ngozi na mfupa, ulikuwa umemwangukia na kuegama kwenye nguzo, ukabeba magunia ambayo yangemponda. Mguu tu ndio uliokuwa umebaki nje ya kivuli hicho, na ulikuwa umevunjika. Alipokuwa anapakiwa kwenye gari la mikate aliwatukana wabebaji wote, akalaumu mwendo, akalaumu harufu ya dereva. Wafungaji walilia kwa furaha. Bwana Taratibu alikaa juu ya gunia lililopasuka akalia kwa kitu kingine, akisema na kofia yake: "Nilisema kidogo. Mimi ndiye niliyesema kidogo." Mama Tanuri alimwekea mkono begani. Alijua neno hilo lilitengenezewa wapi.

Hospitalini walimfunga mguu, wakamlaza kwenye wodi kubwa yenye vitanda vingi na feni moja juu. Daktari alisema amebahatika. Mama Tanuri aliketi pembeni ya kitanda, bado ana unga kwenye kope na kiatu kimoja.

"Wifi," alisema, "nilionja."

"Nilijua utaonja," alisema Bi Makubwa akiwa amefumba macho. "Kaka yangu alisema wewe huwezi kuona unga usiuonje." Kisha: "Lile la msibani nilisema vibaya."

"Uliyasema ya kweli. Nilikuwa mwanafunzi."

"Mwanafunzi si tusi. Nilitaka kulia, nikakosa pa kuanzia."

Ilikuwa saa ya mchana ambapo wodi inasinzia. Mama Tanuri aliuchukua mkono wa wifi yake, nao ukaachwa uchukuliwe. Ulikuwa baridi. Ni kiyoyozi, alijiambia, kisha akakumbuka wodi haina kiyoyozi.

"Unaumwa?"

"Hapana. Bega tu hili la kushoto linanichoma kidogo. Usijisumbue, wifi."

Mama Tanuri aliachia ule mkono na kusimama wima.

Miaka yote aliyomjua, mwanamke yule hakuwahi kuumwa kidogo. Mbu akimuuma ilikuwa msiba. Na bega? Bega halikuguswa na chochote, lilikuwa salama chini ya mlango. Alitembea haraka hadi kwenye meza ya nesi wa zamu, aliyekuwa ameinamia makaratasi, na akajikuta amesimama mikono nyuma.

"Samahani, nesi. Mgonjwa wangu anasikia maumivu kidogo begani."

"Kidogo?" alisema nesi bila kuinua macho. "Ni kawaida baada ya ajali. Daktari atapita jioni."

"Ndiyo, nesi," alisema Mama Tanuri.

Alikwishageuka. Alikwishapiga hatua kurudi, mtiifu kama seremala na mvua yake, ndipo miguu ikamkatalia. Alirudi akaweka viganja vyote viwili juu ya yale makaratasi.

"Nimesema vibaya. Si kidogo. Ni jambo kubwa, nami nakuletea kama lilivyo. Yule mwanamke hulia kwa kuchubuka kidole. Amevunjika mguu, anapaswa kuwa anaitukana hospitali nzima, lakini amenyamaza, mikono imepoa, anasema kidogo. Hajawahi kusema neno hilo tangu azaliwe. Kuna kitu ndani yake kinaharibika. Nakuomba umtazame sasa hivi, na kama nimekosea, nicheke mbele ya wodi nzima, nitakushukuru."

Nesi aliinua macho. Alimtazama huyu mama aliyepakwa unga, mwenye kiatu kimoja, na kwa kitambo Mama Tanuri aliona usoni mwake yote aliyozoea kuyafanya yeye: uchovu, kazi nyingi, na lile swali, nani huyu anayesema. Kisha nesi akasukuma kiti nyuma.

Alimshika Bi Makubwa kifundo cha mkono. Akambonyeza tumbo kwa upole, na Bi Makubwa hakupiga kelele, alikunja uso tu. Nesi alitoka kwa hatua za kawaida hadi mlangoni, na baada ya mlango wakamsikia anakimbia.

Ilikuwa bandama. Lilikuwa limechanika mlango ulipomwangukia, na damu ilikuwa inavujia tumboni polepole, na daktari alieleza baadaye kwamba maumivu ya huko wakati mwingine hujitokeza begani, mbali na nyumbani kwake, na kwamba wangengoja hadi jioni, wasingekuwa na mtu wa kutibu. Mama Tanuri aliyasikia hayo akiwa ameketi sakafuni, ukumbini, nje ya chumba cha upasuaji. Bwana Taratibu alikuja kumwambia kuhusu lori na shule. Akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia arudie, lakini bila kupunguza, na yule mtu akasema ilivyo: shule hazikupata mkate, watu wamekasirika sana, nusu ya kiwanda imebomoka. "Asante," alisema Mama Tanuri. Lilikuwa jibu ambalo Bwana Taratibu hakuwahi kulipata, na alibaki amesimama hapo kana kwamba anangojea mengine.

Bi Makubwa alifumbua macho siku iliyofuata, mchana. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Midomo ilikuwa imemkauka. Mama Tanuri aliinama karibu kusikia atasema nini.

"Makubwa," alinong'ona Bi Makubwa. "Hili ndilo shuka mlilonipa? Si bora mngenifunika gunia?"

Mama Tanuri alicheka, kicheko kikageuka kilio, akakiacha kigeuke. "Sema lingine, wifi. Sema yote."

"Maji yenu yana harufu. Huyo mgonjwa wa pili anakoroma. Na lile feni juu yangu linayumba."

Mgonjwa wa pili akageukia ukutani kwa hasira. Nesi aliyekuwa anapita alitabasamu akasema ah, feni hilo liko hivyo miaka yote. Mama Tanuri hakuinua hata kichwa kulitazama. Alikwishakamata vyuma vya kitanda kwa mikono yake miwili mifupi, na alikuwa anakisukuma kando.